Tumelipia nyumba Bamburi, kumbe ni Ramadhani: tuje au tughairi?

"Sisi ni familia ya Nyahururu, Wakristo, na hatujawahi kufika Pwani. Tumelipia nyumba Bamburi siku nane mwezi wa Februari: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 4) na mama mkwe mwenye miaka 68 anayemeza dawa za presha. Baada ya kulipa ndipo nikagundua tutafika siku ya pili ya Ramadhani. Kanisani nimeambiwa mengi: kwamba ukionekana unakula mchana unaweza kushikwa, kwamba mwanamke asiyejifunika hutukanwa, kwamba mji mzima hulala na baharini hakuna raha. Mume wangu naye hupenda bia moja jioni. Tughairi tupoteze pesa, au tuje? Na tukija tujipange vipi? Mama mkwe anauliza pia: tukialikwa futari na sisi hatukufunga, ni vibaya kwenda?"

Dada, njooni. Naanza na hilo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia.

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, na kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu ni kutembeza wageni, wengi wao watu wa bara kama nyinyi. Swali lako huniijia kila mwaka Ramadhani inapokaribia, na hofu yake ni moja: kwamba mtakuwa mnabisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa. Nyumba haijafungwa. Saa zake ndizo zimebadilika, na anayezishika saa hizo ni mwezi wa angani. Ukiufuata mwezi utajua mji utakula lini, barabara itajaa lini, hata bahari mtaikuta wapi mkiamka. Hilo la bahari wageni wengi hawalitarajii, nami nitalikalia kitako hapo chini.

Kwanza ya kanisani. Kushikwa kwa kula mchana, hapana. Kenya haina sheria ya kumlazimisha mtu kufunga. Mahakama za Kadhi zimo kwenye Katiba, lakini kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena kati ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Wewe na chapati yako hamumo. Zipo nchi ambako kula hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa la kisheria, na nadhani habari za huko ndizo zinazofika Nyahururu zikiwa zimevaa jina la Mombasa. Halafu Uislamu wenyewe haumfungishi kila mtu: mtoto, mgonjwa, msafiri, mjamzito, anayenyonyesha, mwanamke aliye katika siku zake, wote hawa hawalazimiki. Kwa hiyo mtu wa hapa akikuona unakunywa maji hana haja ya kuuliza kitu.

Nikupe kisa. Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii nilichukua familia ya Nakuru kwenda ngome ya Fort Jesus, siku ya tatu ya Ramadhani, saa sita mchana. Nilikuwa nimewaahidi biriani baada ya ziara. Mimi mwenyewe nimefunga, na kwa vile sikuwa na njaa ya kunikumbusha, nilisahau kwamba mikahawa ya mtaani kwetu haipiki mchana. Tukapita mlango huu, umefungwa. Tukapita wa pili, makufuli. Mtoto wao wa miaka mitano akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta akaanza kulia. Bibi mmoja alikuwa barazani anachambua mchele kwenye uteo. Akatutazama, akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali wa nazi na kipande cha nguru. Akamwambia yule mtoto, "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, kisha akanigeukia mimi: "Mtoto hafungi. Wewe huoni haya?" Haya niliona, na tangu siku ile sijapanga chakula cha mchana Mji wa Kale mwezi wa Ramadhani.

Basi mkae hivi. Kule Bamburi, Nyali na Shanzu, mahoteli na mikahawa mingi ya ufuoni hupika mchana kama kawaida, na nyumba mliyolipia ina jiko. Mjini pia wapo wasiofunga: Mombasa ina makanisa, mahekalu ya Wahindu na ya Wajaini, na watu wa bara waliohamia miaka mingi. Ila ukiingia Mji wa Kale, Bondeni au Majengo, utakuta milango mingi ya chakula imefungwa, au imeteremshwa pazia. Pazia maana yake ni kwamba ndani kunalika, ila hatuwaoneshi waliofunga. Ingia, ule, ufute mdomo, utoke. Watoto wako wale popote. Wewe na mumeo mkishikwa na kiu barabarani, geukeni pembeni mnywe. Hakuna atakayewafokea hata msipogeuka, lakini muuzaji anayekupimia tende tangu asubuhi bila tone la maji ataiona heshima hiyo. Nanyi mnaijua saumu. Miaka hii Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikikaribiana, na mwaka uliopita nilikuwa na mgeni Mkatoliki aliyenishinda kwa kufunga.

Mavazi. Ufuoni vaa nguo zako za kuogelea, hakuna neno. Utaona wanawake wa hapa wakiingia majini na gauni pana la dira au na suti ndefu za kuogelea, na karibu yao msichana wa Nairobi na kaptura, kila mtu na bahari yake. Kosa hutokea pale mtu anapotoka majini na kupanda tuktuk moja kwa moja hadi mjini akiwa vile vile. Mjini, na hasa Mji wa Kale, funika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke. Kichwa si lazima, isipokuwa mkikaribishwa msikitini, na hapo viatu hubaki mlangoni. Ukisahau, pengine utatupiwa jicho au mama mmoja atakwambia kitu kwa sauti ya chini. Ushauri wangu mmoja wa kununua ni huu: siku ya kwanza mkienda mjini, pita Mtaa wa Biashara ununue jozi ya leso. Moja ya kujifunga, moja ya kutandika mchangani. Leso itamkinga mtoto na jua, itakuwa taulo, itakuwa shuka kwenye treni, na ukitaka kuingia uchochoro wowote wa Kibokoni, humo Mji wa Kale, unajitupia mabegani. Soma maandishi yake kabla ya kulipa. Nimeona mgeni akimnunulia mama mkwe leso yenye mafumbo ya ugomvi, na mavyaa, kama tunavyomwita huku, hakucheka.

Picha: nyumba na milango pigeni, watu ombeni kwanza, na mama aliyevaa buibui akikataa msishindane naye. Kwenye kivuko cha Likoni msitoe simu kupiga picha kabisa, hiyo ni marufuku.

Sasa saa za mji. Kwa Februari adhana ya alfajiri huku ni kama saa kumi na moja na robo, na Magharibi ni saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saumu yetu haipishani sana mwaka hadi mwaka. Ni saa 13 na kitu, Ramadhani iangukie mwezi gani. Asubuhi mji huchelewa kuamka kwa sababu watu wamekula daku usiku. Mchana ni kimya, na kwa wageni kimya hicho ni kizuri: Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyojengwa 1593 hadi 1596 na ambayo tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO, mtaitembea bila kusukumana. Nendeni saa mbili u nusu asubuhi, mawe yakiwa bado baridi. Ijumaa jihesabieni kwamba kuanzia saa sita u nusu hadi saa saba u nusu maduka mengi yatakuwa yamefungwa kwa swala.

Saa kumi alasiri mji unageuka. Meza zinatolewa nje, makarai yanatiwa mafuta. Mwenye viazi karai huchemsha viazi vyake, akavichovya kwenye rojo la unga lenye rangi ya manjano, akavitumbukiza, na sauti yake huisikia mtu aliye uchochoro wa pili. Pembeni kuna kaimati zinazovingirishwa kwenye shira, sambusa, katlesi, mkate wa sinia, mbaazi za nazi na mahamri, ukwaju uliotiwa pilipili kwenye ndoo. Waliofunga wamesimama kwenye foleni na pesa mkononi, hakuna anayeonja. Huo ndio wakati wa kumleta mwanao wa miaka 9 atazame. Nunueni mfungiwe, mpeleke nyumbani.

Lakini mpeleke mapema! Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili u nusu jioni, usiwe kwenye Daraja la Nyali. Kila mwenye gari anataka kufika mezani kwake kabla ya adhana, na daraja ni lile lile moja la kutoka kisiwani kwenda Nyali na Bamburi. Adhana ikiingia mmekwama, mtaona vijana wakipita kati ya magari na tende na chupa za maji, wakimpa kila dereva bila kuuliza dini. Pokea, sema ahsante. Baada ya hapo, kwa nusu saa hivi, hutapata tuktuk hata kwa dawa, dereva anafuturu. Halafu barabara zinafunguka, na baada ya swala ya tarawehe, kwenye saa tatu usiku, ndipo mji unaanza. Mama, baba, mtoto wa mgongoni, wote nje, mishkaki inachomwa, kahawa tungu inamiminwa kutoka kwenye dele. Waliokuambia kwamba Mombasa hulala Ramadhani walikuja mchana, wakaondoka saa kumi.

Kwa ajili ya foleni hiyo hiyo, ukija kwa SGR, reli ya Nairobi hadi Mombasa, chukua treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Syokimau, ile inayosimama vituo vya njiani. Hufika Miritini, stesheni ya Mombasa, mchana, mkapata muda wa kuvuka kisiwa hadi Bamburi kabla ya msukumo. Ya alasiri itawashusha usiku na watoto wamelala. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na tikiti hulipwa kwa simu. Zikate mapema, kila mtu mzima awe na kitambulisho, mfike stesheni saa nzima kabla kwa sababu mizigo hukaguliwa na mbwa wa polisi.

Nakuja kwa bahari. Ramadhani huanza mwezi ukiandama. Mwezi huo mwandamo, pamoja na jua, huivuta bahari kwa mstari mmoja, kwa hiyo maji hujaa sana na hupwa sana. Sisi huita bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, tarehe 14 na 15, bamvua hurudi. Katikati, mwezi ukiwa nusu, mivuto miwili inapingana na maji hayaendi mbali wala hayarudi sana. Hayo ni maji mafu. Hapa kwetu, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu wima. Na kwa kuwa ufuo wa Bamburi ni tambarare hadi kwenye mwamba wa matumbawe, mita tatu wima ni mamia ya hatua kwa miguu.

Maana yake kwenu ni hii: mtafika siku ya pili ya Ramadhani, yaani katikati ya bamvua. Mombasa bamvua ina saa zake. Maji hujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Mtaamka siku ya kwanza, mnywe chai, mshuke ufuoni saa nne na maboya ya watoto, mkute bahari haipo. Kuna madimbwi, mwani, mashua zimelala ubavu, na mstari mweupe wa mawimbi kule mbali. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama bahari imeharibika. Haikuharibika, itarudi saa tisa.

Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo ogeleeni alasiri, kuanzia saa tisa maji yakiwa yanakuja. Ikifika siku ya saba na ya nane ya kukaa kwenu, mwezi utakuwa nusu, na maji yatakuwa yamejaa kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, bila papara. Saa kamili mtazipata kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Hoteli nyingi huandika ubaoni, na mvuvi yeyote atakwambia bila jedwali.

Siku za maji kupwa msizikasirikie. Ndizo za kutembea juu ya mwamba na kuona kaa, pweza na nyota za bahari, na kwenda na mashua yenye kioo chini hadi Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Ila hapa naomba unisikilize kama mama wa watoto wawili. Maji yanapogeuka kujaa, hayaji kama mstari ulio mbele yako unaouona. Hujaza kwanza mabonde na mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na ufuo. Mtu ameinama anamwangalia kaa, akiinuka, njia aliyokuja nayo imekuwa mfereji wa kumfika kifuani, na mtoto wa miaka minne hana kifua kirefu hivyo. Nendeni maji yakiwa bado yanapwa, mkae na mtu wa pale anayejua, na mgeuke kurudi kabla ya saa ya kupwa kabisa. Si baada yake. Kila mtu avae sandaki za plastiki, kwa sababu nungu wa bahari, yule wa miiba mirefu myeusi, anakaa kwenye mashimo ya mawe, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyama. Mkichomwa na kitu chenye maumivu makali yanayopanda mguuni, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika na muende hospitali palepale, usisubiri kesho.

Hatari ya pili ni maji yanapotoka. Bahari iliyoingia upande wa ndani wa mwamba lazima itoke, na hutoka kwa kasi kupitia nafasi zilizo kwenye mwamba, sisi tunaziita milango. Siku za bamvua mkondo huo hauogeleeki kwa kushindana nao. Akichukuliwa mtu, asipige maji kurudi alikotoka. Alale chali, apumue, ainue mkono, aogelee kwa ubavu sambamba na ufuo hadi mkondo umwachie. Yale matiubu ya magari yanayokodishwa kwenye ufuo wa Pirates ni mazuri kwa watoto mradi mtu mzima ameshika kamba, na yupo ndani ya maji pamoja nao, si mchangani na simu. Ogeleeni pale penye watu na waokoaji. Kukiwa na maji yaliyojaa jioni ya bamvua, mawimbi hupiga hadi kwenye kuta za mahoteli na ufuo wa kutembea hupotea sehemu nyingine, kwa hiyo msiende matembezi marefu bila kujua mtarudi vipi.

Vijana wa ufuoni watakuja, wa ngamia, wa mashua, wa vinyago. Wengi ni watu wa kazi. Bei ikubaliwe kabla, kwa wote mlio pamoja, kwa dakika ngapi. Kwa ngamia uliza na bei ya kushuka, usicheke, nimeyaona. Ada ya hifadhi hulipwa KWS, shirika la wanyamapori, kwa simu, si kwenye kiganja cha nahodha. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fuo zake tangu Juni 2020, basi njooni na chupa za kujaza tena. Kombe na matumbawe yaacheni baharini. Usiku msitembee ufuoni penye giza, na simu ya bei iachwe nyumbani.

Kuhusu nyumba: umesema mmeshalipa. Kabla ya kusafiri mwombe mwenyewe akupigie simu ya video akiwa getini, akuoneshe tanki la maji, feni na vyandarua. Mteja wangu mmoja alilipa nyumba kamili kwa simu, tukafika na mizigo, tukamkuta mwenye nyumba anakunywa chai na wala hajui jina letu. Mkiona mtu anakwepa hilo, ni afadhali mjue mkiwa bado Nyahururu.

Bia ya mume wako haina tatizo ndani ya hoteli au baa iliyo na leseni. Zipo Bamburi na Nyali, Ramadhani au si Ramadhani. Asiinywe barabarani wala ufuoni, na asiende mjini jioni akinuka pombe.

Mama mkwe ndiye ninayemfikiria zaidi. Mnatoka kwenye baridi ya Nyahururu, iliyo juu zaidi ya mita 2,300, mnashuka hadi usawa wa bahari kwenye joto la nyuzi 32 au 33 lenye unyevu. Jasho letu halikauki upesi, kwa hiyo mwili unapoa kwa shida, mishipa hutanuka, na presha inaweza kushuka. Kama moja ya dawa zake ni ya kukojoza maji, kizunguzungu kinaweza kumwangusha anapoinuka kitandani. Asipunguze wala kuacha dawa mwenyewe. Mtu ampeleke kwa daktari wake wiki mbili kabla, amweleze anaenda wapi. Siku hiyo hiyo daktari awaambie nyote kuhusu dawa ya kuzuia malaria, kwa sababu watu wa nyanda za juu hawana kinga waliyonayo watu wanaokaa Pwani. Hapa kati ya saa tano na saa tisa akae kivulini, anywe maji hata kama hana kiu, na dawa zake zisiachwe kwenye gari.

Akianguka, akichanganyikiwa, akilalamika kifua, au jasho likikatika na ngozi ikawa moto, hiyo ni hospitali wakati huo huo, si kesho asubuhi. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Na malaria ina tabia moja mbaya. Vimelea hukaa kwanza kwenye ini, na homa huja siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mtu aliyekaa siku nane Bamburi huugulia Nyahururu, ambako nesi atafikiria mafua. Mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, mwambieni daktari neno la kwanza kabisa: tumetoka Mombasa, apimwe damu. Wakati mwingine ni dengi, ya mbu wa mchana, na hapo aspirini haifai. Ndiyo sababu kupima ni lazima kabla ya kununua vidonge dukani.

Limebaki la futari. Kwa upande wetu si vibaya hata kidogo. Anayemfuturisha mtu anatarajia thawabu, na hakuna atakayewauliza kama mmefunga. Kwa upande wa imani yenu muulizeni mchungaji wenu, mimi si wa kumsemea. Mkikubali, fikeni dakika ishirini kabla ya adhana. Viatu mlangoni. Wanawake huenda wakakaa chumba chao na wanaume chao, mavyaa atafurahi zaidi huko. Msiguse kitu hadi adhana, kisha tende moja na maji kwa mkono wa kulia. Wenyeji watainuka kuswali Magharibi, kama dakika kumi. Mnaweza kuendelea kula, ila mkiwasubiri mtasemwa vizuri mtaani wiki nzima. Msishibe kwa sambusa, kuna chakula kizito kinakuja.

Zawadi ya mwenyeji wenu msinunue mjini. Leteni kilo tatu nne za viazi vya kwenu huko juu, vya karai. Mwenye nyumba atavijua kwa kuvishika tu.